Pipa Lililolala Kitanda cha Mtoto

Mtaani walimwita Bi Masizi, na jina hilo hakuwahi kulikataa. Mtu anayekaanga kimea cha shayiri kwenye karai la chuma mara mbili kwa mwezi, kwa miaka ishirini na miwili, atayakwepaje masizi? Yalikuwa kwenye kucha, kwenye mikunjo ya viwiko, mara nyingine hata kwenye kola za nguo za wateja, maana kazi iliyomlisha ilikuwa cherehani. Bia ilikuwa kazi ya moyo. Mteja akilalamika kuhusu kola, alimwambia atafute fundi anayepika chai tu.

Bia yenyewe ilizaliwa kwa uzembe, na yeye alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Binti yake akiwa na wiki tatu, Bi Masizi aliweka kimea jikoni kikauke, akaenda kumnyonyesha mtoto, usingizi ukamchukua hapohapo na ziwa nje. Alipozinduka nyumba ilikuwa imejaa moshi na kimea kimekuwa cheusi tititi. Kumwaga shayiri yote ile roho ilimuuma. Akakichanganya na kimea kizuri kilichobaki, akapika, akanyamaza. Mumewe, seremala aliyezoea bia nyekundu nyepesi kama wanaume wote wa mtaa ule, alionja mwezi uliofuata. Aliweka glasi chini, akaitazama, akaichukua tena, kisha akauliza kama ipo nyingine.

Toka siku ile hakupika nyepesi tena isipokuwa kwa kuombwa. Alijifunza kuunguza kwa makusudi kile alichounguza kwa bahati mbaya. Maji ya kulowekea kimea hakuyapima kwa chombo. Aliyachemsha, akaepua, akasubiri mvuke upungue mpaka aone uso wake umetulia juu ya maji, hapo ndipo akatia kimea. Uso ukitetemeka, bado. Chachu yake aliiweka kwenye gudulia la udongo lenye kifuniko cha kitambaa, akailisha kila wiki, na wakisafiri alimwachia jirani na maagizo marefu kuliko ya mtoto.

Chachu ile ilikuwa na tabia moja mbaya. Kwenye bia nyepesi ilifanya kazi mpaka mwisho bila usumbufu. Kwenye nyeusi nzito, yenye utamu mwingi, ilichoka njiani. Siku nne ilikula utamu kwa fujo, mapovu yakibubujika kwenye kimrija cha juu ya pipa bila kupumzika. Siku ya tano kimya. Mgeni angeapa kwamba bia imeiva. Kumbe chachu imelala tu, imetuama chini ya pipa, na nusu ya utamu haijaguswa.

Mwaka wa kwanza Bi Masizi naye alidanganyika. Alitia bia kwenye chupa ikiwa hivyo, akaongeza kijiko cha sukari kila chupa ili iwe na gesi, akapiga vizibo. Siku za joto zilipofika chachu iliamka ndani ya chupa. Zilipasuka chupa kumi na moja stoo, mchana kweupe, na kigae kimoja kilijikita kwenye mbao za mlango usawa wa kifua cha mtu. Mumewe alikataa kuking'oa. Alisema kikae hapo kiwakumbushe.

Dawa ilikuwa kuiamsha chachu polepole, siku tatu mfululizo, bila kufungua pipa. Na dawa hiyo waliipata kwa sababu binti yao alikua. Seremala alikuwa amemtengenezea mtoto kitanda cha kubembea, chenye miguu ya mviringo kama robo ya gurudumu. Binti alipoanza kulala na miguu nje, pipa likarithi. Bi Masizi alililaza humo siku ya tano, akalifunika blanketi, akaketi kwenye cherehani. Mguu wa kulia ulikanyaga cherehani, wa kushoto ulibembeza pipa. Jioni ya siku ya pili kimrija kilianza tena kusema blup, blup, na yeye alitabasamu peke yake kama mama aliyesikia mtoto anacheua.

Kubembeza huko shemeji yake alikuona kwa macho yake mawili.

Shemeji huyu alikuwa mdogo wa mwisho wa seremala. Mtaa ulimbandika jina la Mtaalamu, kwa sababu aliwahi kuwa mtunza stoo kwenye duka la dawa, na duka lilipofungwa aliondoka na koti lao jeupe. Alikuja kwa kaka yake hana kazi, akaomba afundishwe bia. Bi Masizi alimfundisha miaka sita. Alimpa chakula, akampa siri, akampa mpaka nafasi ya kuharibu. Mtaalamu aliandika kila kitu kwenye daftari: joto la maji kwa kipimajoto, uzito wa kimea, dakika za kuchemsha maua machungu ya kuipa bia ladha. Kitu kimoja tu hakukiandika. Kila akiona pipa kwenye kitanda cha mtoto alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Shemeji, huyu mtoto wa kaka anaota meno lini?"

"Ataota utakapopata akili."

Walicheka wote, wakati huo kulikuwa na sababu za kucheka.

Seremala alifariki ghafla, moyo. Siku ya tatu baada ya mazishi, Bi Masizi amelala chumba cha ndani kaelekea ukutani, alisikia sauti ya Mtaalamu stoo. Ilikuwa inawaambia wanawake waliokuja kumliwaza kwamba shemeji apumzike, vitu vya bia atavitunza yeye visije vikaharibika. Alisikia karai likigonga mlango. Alisikia gudulia likifunikwa. Kisha akasikia, neno kwa neno:

"Hicho kitanda chakavu kitieni kuni."

Hakuwa na nguvu ya kuinuka. Kwa kutoinuka huko alikuja kujilaumu kuliko yote. Jirani mmoja mwenye busara alikisukuma kitanda chini ya meza, kikapona.

Baada ya mwezi alikwenda kudai gudulia lake. Mtaalamu alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwambia kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa kwamba chachu ni ya familia, na familia ni mama. Miezi michache baadaye chupa zikaonekana madukani zina karatasi yenye picha. Ilikuwa picha ya mama yao, mama mkwe wa Bi Masizi, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mji, akiwa na kofia yake ya kazi. Juu yake iliandikwa Nyeusi ya Mama. Chini yake ilielezwa kwamba bia hii mama yao aliipika kwa miaka arobaini na kuwarithisha wanawe.

Bi Masizi alisoma karatasi ile akiwa amesimama dukani, mkononi ana uzi na sindano za kununua. Miaka ishirini na miwili ya masizi, na hata jina la utani hakuachiwa.

Toka hapo alimchukia shemeji yake kwa utaratibu, kama anavyoshona: mshono juu ya mshono, bila haraka. Chini ya kitanda chake kulikuwa na chupa mbili za mwisho alizopika yeye wakati mumewe yu hai. Alizifungua, bia akainywa polepole, akachukua mashapo ya chini, yale matope meupe yaliyotuama, akayalisha maji ya kimea kijiko kwa kijiko. Baada ya wiki chachu yake ilikuwa hai. Akanunua karai jingine. Akarudi kupika, akanyamaza.

Mambo yalichacha Mtaalamu alipoomba bia yake iandikishwe kwenye chama cha wapika bia wa nyumbani. Chama kile kilikuwa na ukumbi mdogo nyuma ya soko la vyuma, na ukutani kulikuwa na rafu ya heshima. Bia ikikubaliwa, chupa yake huwekwa rafuni na jina la mwenyewe chini yake, na toka siku hiyo hakuna mwanachama mwingine anayeruhusiwa kuileta bia hiyo kama yake. Mwenyekiti na wenzake wawili huenda kuionja palepale ilipopikwa.

Bi Masizi alimfuata mwenyekiti, mfamasia mstaafu mwenye miwani minene, akamweleza kila kitu.

"Nakusikia," mwenyekiti alisema. "Lakini kila wiki mtu ananijia na kilio kama hiki. Chama hakionji maneno, bibi. Yeye ameomba kwanza. Bia yake ikiwa nzuri, ni yake."

"Na mimi nikileta yangu baadaye?"

"Utakuwa umeiga."

Alirudi nyumbani na neno hilo. Kuiga. Alishona suruali tatu siku ile na zote alizifumua.

Mtaalamu alikuwa amepika nyeusi nyepesi tu muda wote huo, kwa sababu inauzika haraka. Chama hakitaki nyepesi. Kwa hiyo alirudi kwenye daftari lake, akapika nyeusi nzito kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Na Jumatatu moja, siku kumi na mbili kabla ya kuonjwa, alitokea mlangoni kwa Bi Masizi na koti lake jeupe.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Sikai. Nina swali dogo la kitaalamu." Aliegemea mlango wa stoo, bega lake karibu na kile kigae. "Ile nzito. Imechemka vizuri siku nne, leo asubuhi kimrija kimenyamaza kabisa. Nilitaka kupima utamu, lakini kijiti cha kioo cha kupimia kilinivunjikia mwaka jana. Imeiva, siyo?"

Bi Masizi hakuinua kichwa. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kwenye pindo la gauni.

"Si umuulize mama."

"Mama yupi?"

"Mwenye bia. Ameipika miaka arobaini, atakosaje kujua?"

Mtaalamu alicheka kicheko kikavu. "Ah, shemeji na wewe. Yale ni mambo ya biashara, usiyatie moyoni."

"Basi mimi sijui. Mimi fundi cherehani."

Hapo macho ya Mtaalamu yalishuka chini. Mguu wa kulia wa shemeji yake ulikuwa juu ya cherehani. Wa kushoto ulikuwa unabembeza kitanda cha mtoto, na ndani ya kitanda, chini ya blanketi, kulikuwa na pipa, kimrija kinasema blup, blup. Jibu lake lote lilikuwa pale, mita moja kutoka kwenye viatu vyake.

"Bado unambembeleza huyo?" aliuliza, akaanza kutabasamu.

"Bado."

"Pole yako." Akaenda zake anacheka.

Bi Masizi alisimamisha cherehani, akasikiliza viatu vikiishia barabarani. Hakudanganya. Aliyapitia maneno yake moja moja, hakuona uongo hata mmoja. Alihisi raha imempanda kutoka tumboni mpaka kooni, raha chafu, na hakuona haya nayo hata kidogo.

Kesho yake alisikia kwa watu kwamba Mtaalamu ameshatia kwenye chupa. Chupa themanini. Akajua na kijiko cha sukari kimeingia kila moja, maana yeye ndiye aliyemfundisha. Sasa kilichobaki kilikuwa joto.

Na joto likaja. Wiki ya pili jua liliwaka kama limetumwa. Wateja waliingia wakijipepea na magazeti, wakilaani, na Bi Masizi akiwaitikia huku moyoni anashukuru. Alikuwa akishona na kuitazama Jumamosi kwa macho ya ndani. Mwenyekiti ameketi, koti jeupe limepigwa pasi, glasi zimepangwa. Kisha stoo ya Mtaalamu, ile ya bati, inaanza kulipuka, na povu linatoka chini ya mlango mbele ya chama kizima. Alijisimulia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara aliongeza kitu. Mara koti lilichafuka. Mara mwenyekiti alianguka na kiti.

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, simu ililia. Alikuwa mama mkwe.

Mama huyu alikuwa na miaka themanini na mmoja, macho yamefifia mpaka anatambua watu kwa sauti na hatua. Nyumba aliyokaa Mtaalamu na mkewe ilikuwa yake. Yeye na Bi Masizi hawakuwahi kuwa marafiki. Mama hakuipenda harufu ya bia, na kwa miaka ishirini na miwili alipita nyumbani kwa mwanawe akiwa ameziba pua kwa khanga. Lakini nguo zake zote alishonewa na mkwe wake, na kila akivaa gauni jipya alimpigia kumwambia mikono imekaa sawa.

"Mkwe, hujambo? Gauni langu liko tayari?"

"Liko tayari, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shemeji yako hapa anasema leo kuna wageni, nivae vizuri nikae mbele. Ila uje nalo wewe unisaidie kuvaa. Chumba hiki hakina hata pa kukanyagia, kimejaa chupa."

Bi Masizi alikuwa anatafuna kipande cha uzi. Aliacha kutafuna.

"Chupa gani, mama?"

"Soda za wageni. Anasema stoo kuna joto, chumba changu ndicho cha baridi. Kazipanga chini ya kitanda chote, tangu wiki iliyopita. Na leo zinanikera, maana zinafanya tss, tss, kama mtu anayesonya."

"Mama, ondoka kitandani."

"Niende wapi, na nguo ya kulalia?"

"Simama tu. Toka nje ya chumba. Nakuja."

"Mkwe, kwanza nitafute fimbo yangu—"

Simu aliiangusha juu ya meza. Alitoka mbio na gauni mkononi, kastabini ya kukinga sindano bado kidoleni, mlango akauacha wazi. Kutoka kwake mpaka kwa mama ni mwendo wa dakika kumi na tano. Alipita karakana za wachomeleaji akikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane, na watu wakamwita kwa jina la utani wakicheka, hakugeuka. Kichwani alikuwa na kigae kile cha mlangoni, usawa wa kifua. Akafikiria urefu wa kitanda cha mama. Akafikiria godoro lenyewe, limelika katikati.

Mtaalamu alikuwa uani anapanga viti. Chupa sita alikuwa ameshazitoa, ziko kwenye ndoo ya barafu, karatasi zake zinaelekea mbele.

"Aa, shemeji. Umekuja kuonja?"

"Nimekuja kwa mama." Alimpita.

Mama hakuwa ametoka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anapapasa sakafuni kutafuta fimbo, mkono wake katikati ya shingo za chupa. Chumba kilinuka kimea kilichoungua. Bi Masizi aliona kizibo kimoja kimevimba juu kama kifuniko cha kopo lililooza. Alimshika mama kwapani, akamwinua mzimamzima.

"Taratibu, utanivunja."

"Twende, mama. Fimbo nitaichukua mimi."

Hakuichukua. Alimtoa, akapita naye ukumbini, akamkalisha kwenye benchi la kivulini uani, akamfunika mabega kwa lile gauni jipya. Kisha akarudi, akaufunga mlango wa chumba kwa ufunguo, na ufunguo akautia mfukoni. Mama alikuwa nje, mzima. Zile zilizobaki mle ndani zilikuwa za Mtaalamu.

Bado kulikuwa na muda. Mtu mwenye kujua angeweza kuingia na kitambaa kizito, akalegeza vizibo kimoja kimoja, akaitoa gesi, akaokoa hata nusu. Bi Masizi alijua kufanya hivyo. Alikaa kwenye benchi karibu na mama, akakunja mikono.

"Mbona unamkalisha mama huko?" Mtaalamu aliuliza. "Mwenyekiti atataka kupiga naye picha."

"Atapiga hapahapa. Kuna kivuli."

Saa nne kamili mwenyekiti alifika na wenzake wawili. Walisalimiana, wakaketi. Mtaalamu alitoa hotuba fupi kuhusu urithi, akachukua chupa ya kwanza kutoka kwenye barafu, akaweka kifunguo kwenye kizibo.

Haikufunguka, iliruka. Bia ilipanda juu kwa mstari mmoja mweusi, ikamrudia usoni, kifuani, kwenye koti jeupe mpaka kwenye viatu. Ndani ya chupa lilibaki povu la kujaza kizibo. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta. Mtaalamu alisema ni joto, akachukua ya pili. Ya pili ilifanya vilevile, na sauti yake ilikuwa haijaisha pale kishindo kiliposikika ndani ya nyumba.

Kikafuata kingine. Kisha vitatu kwa mpigo, halafu ikawa haihesabiki tena, vioo vinavunja vioo, ukuta unatetemeka, na chini ya mlango wa mbele povu la kahawia likaanza kutoka taratibu mpaka kwenye ngazi. Ilikuwa kama alivyojisimulia. Bi Masizi alitazama kila kitu bila kupepesa, akakinywa kwa macho.

Kulipotulia, mwenyekiti alisimama. Hakuwa mtu wa kelele. "Hii bia imetiwa kwenye chupa kabla haijaiva," alisema. "Siku ya tano ulifanya nini?"

Mtaalamu, amelowa, alijifuta uso kwa mkono wa koti.

Mwenyekiti alichukua chupa nyingine kwenye barafu, hakuifungua, akasoma karatasi yake. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, shikamoo. Hapa pameandikwa bia hii umeipika wewe miaka arobaini. Tuambie wewe, siku ya tano huwa unafanyaje?"

"Bia gani?" mama alisema.

"Hii, Nyeusi ya Mama. Picha yako iko hapa, umevaa kofia ya ukunga."

Mama alinyoosha mkono, akapewa chupa. Aliipapasa, kidole kikapita juu ya karatasi, juu ya uso wake mwenyewe asioweza kuuona.

"Baba yangu aliokotwa mtaroni na chupa mkononi, mimi nina miaka tisa," alisema. "Sijapika bia hata siku moja. Sijaionja. Anayepika bia kwenye ukoo huu ni huyu aliyekaa hapa kando yangu, na nimemsema kwa ajili hiyo mpaka nimechoka." Aligeuza uso upande ilikokuwa harufu ya bia. "Mwanangu, umenibandika kwenye chupa?"

"Mama, nilitaka kukuenzi."

"Ukaniambia ni soda."

Mwenyekiti alimwangalia Bi Masizi kwa mara ya kwanza kama mtu. "Bibi, siku ya tano?"

"Inabembelezwa," alisema, na macho yake hayakuwa kwa mwenyekiti. Yalikuwa kwa shemeji yake. "Siku tatu, kwenye kitanda cha mtoto. Kile ulichosema kitiwe kuni."

Aliona neno likimwingia. Aliona akiikumbuka ile Jumatatu, mguu, blanketi, blup, blup. Mtaalamu aliketi kwenye kiti kilichokuwa kimelowa, na kwa pumzi mbili tatu Bi Masizi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote.

Waliomba ufunguo, wakaingia chumbani. Mwenyekiti alitoka ameshika kigae chenye urefu wa kidole. Hakukiokota sakafuni. Kilikuwa kimetoboa godoro kutoka chini, kikasimama juu ya shuka, pale penye bonde, pale mgongo unapolala. Alimpa mama akiguse, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine nacho.

Mama alikigusa ncha. Kisha akaulaza mkono wake juu ya mkono wa mkwe wake, akasema kwa sauti ya chini, isiyosikika kwenye viti:

"Ulikuja mbio sana, mkwe. Nilikusikia unavyohema. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Angeweza kusema tangu asubuhi. Hakuweza kumdanganya mzee yule, aliyekuwa amemtaja mbele za watu dakika chache zilizopita. "Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Sikujua ziko kwako, mama. Nilidhani ziko stoo."

"Nimelala juu yake siku kumi na moja," mama alisema. Hakuwa anauliza. "Na leo ningekuwa sina gauni la kuuliza?"

Bi Masizi alilitazama lile gauni mabegani mwa mama. Mama aliutoa mkono wake, bila hasira, kama mtu anayeondoa mkono juu ya kitu alichodhani ni cha kwake.

Mwezi uliofuata chama kilikwenda kuonja kwa Bi Masizi. Waliona karai, waliona uso ukitulia juu ya maji, waliona pipa kitandani. Leo chupa yake iko kwenye rafu nyuma ya soko la vyuma, na chini yake pameandikwa jina lake kamili, siyo la utani. Mtaalamu ameuza kila kitu, hata koti. Gudulia alilirudisha mwenyewe, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kubisha. Kuhusu hilo Bi Masizi analala usingizi mzuri.

Lile gauni mama hakulivaa kamwe. Alimtuma mke wa Mtaalamu alirudishe, limefuliwa, limekunjwa, na salamu hazikuwemo. Siku hizi nguo zake anashonewa na fundi wa barabara ya pili, na wanaomwona wanasema mikono haikai sawa. Wateja wakimuuliza Bi Masizi kama anajuta, hukanyaga cherehani kwa mguu wa kulia na kubembeza pipa kwa wa kushoto, akasema hajuti hata kidogo. Angefanya vilevile. Ila angeuliza kwanza chupa zimewekwa wapi.